Jiwe Lenye Tarehe: Kwa Nini Vimondo Vilivyoshuhudiwa Vikianguka Hutafutwa kwa Udi na Uvumba

Kila video ya mpira wa moto ukipasua anga inapozagaa kwenye simu, maswali huwa yale yale. Kimeanguka wapi? Bado kina moto? Kina mionzi? Kinauzwa kiasi gani? Siku mbili tatu baadaye hujitokeza mtu na jiwe jeusi kiganjani akisema ndilo hilo. Mara nyingi silo.

Mkanganyiko unaanzia kwenye neno lenyewe. Tunasema "kimondo" kwa vitu vitatu tofauti. Cha kwanza ni mwamba ukiwa bado unazunguka Jua. Mingi ya miamba hii ni vimeguko vya asteroidi, yale magimba ya mawe na chuma ambayo wingi wake umo kati ya Mirihi na Mshtarii. Cha pili ni mwali wa mwanga unaozuka mwamba huo unapoingia kwenye angahewa kwa kasi ya kilomita 11 kwa sekunde au zaidi. Cha tatu ni jiwe linalosalia na kufika ardhini, kama lipo. Miali mingi tunayoiona usiku hutoka kwenye punje za ukubwa wa mchanga au kokoto ndogo, nazo huteketea zote huko huko juu. Katika makala haya mwanga nitauita "mwali", na kilichofika chini nitakiita "jiwe la kimondo", ili tusipoteane njiani.

Lakini mgawanyo muhimu zaidi, na usiosemwa mara nyingi, ni ule wa mawe yaliyoonekana yakianguka na mawe yaliyokutwa tu yamelala. Mkoani Songwe, kusini magharibi mwa Tanzania, yapo yote mawili. Kimondo cha Mbozi ni bonge la chuma lenye urefu wa mita 3 hivi na uzito wa zaidi ya tani 10. Hakuna kumbukumbu ya siku kilipoanguka. Kilikutwa pale pale kilipo. Katika mkoa huo huo, upande wa Ziwa Rukwa, tarehe 16 Desemba 1938 liliangukia Ivuna jiwe lenye gramu 705. Kilo moja halikufika. Mpita njia akiambiwa achague, atachagua Mbozi bila kusita. Mtaalamu wa kemia ya sayari atachagua Ivuna, na hatahitaji muda wa kufikiri.

Tofauti yao ni kama ya wageni wawili. Mmoja umemkuta asubuhi amelala barazani, hasemi, hana hati, hujui amefika jana au mwaka jana. Mwingine ameonekana akishuka, saa inajulikana, na njia aliyojia inajulikana. Mawe ya vimondo yaliyosajiliwa duniani yamepita 70,000, na mengi mno yameokotwa kwenye barafu ya Antaktika na kwenye majangwa kama Sahara. Yaliyoshuhudiwa yakianguka hayafiki hata mawili katika kila mia.

Ndoo iliyotoboka

Kwa nini tarehe iwe na uzito huo? Jiwe ni jiwe, mtu atasema, liwe limeonekana au halikuonekana.

Chukua ndoo yenye tundu dogo chini, iweke chini ya bomba lililo wazi. Maji yanaingia, maji yanatoka, na baada ya muda kina chake kinatulia. Sasa funga bomba. Kina kinaanza kushuka, na kwa kukipima unaweza kujua bomba limefungwa muda gani. Jiwe likiwa angani hupigwa mfululizo na mionzi ya kosmiki, chembe zenye nguvu nyingi sana zinazosafiri katika anga za mbali. Mapigo hayo huzalisha ndani ya jiwe atomu zisizo imara, ambazo zenyewe huoza kwa mwendo maalumu. Jiwe likishaingia chini ya angahewa yetu, bomba limefungwa.

Kila aina ya atomu ina tundu la ukubwa wake. Skandiamu-46 hupungua nusu kila siku 84. Manganizi-54 huchukua siku 312, sodiamu-22 miaka 2.6, na aluminiamu-26 zaidi ya miaka laki saba. Ukijua siku hasa bomba lilipofungwa, unaweza kurudi nyuma kwa hesabu na kujua maji yalikuwa yakiingia kwa nguvu kiasi gani: mwamba mzima ulikuwa mkubwa kiasi gani kabla haujapasuka, na kipande hiki kilikaa kina gani ndani yake. Ndiyo maana jiwe lililoanguka jana hukimbizwa kwenye maabara zilizojengwa chini ya ardhi, mahali ambapo miamba ya juu huzuia mionzi mingine isivuruge vipimo. Kila wiki inayopita ni maji yanayomwagika.

Sababu ya pili ni unyevu. Mawe mengi ya vimondo yana punje za chuma, na chuma kikilowa hushika kutu. Mengine yana chumvi ambazo tone moja la maji huziyeyusha. Jiwe lililokaa jangwani miaka 10,000 limeshabadilishana vitu na Dunia kiasi kwamba ni vigumu kusema kipi ni chake na kipi ni cha kuokota. Mwaka 2012 mawe yalianguka Sutter's Mill, California, na siku chache tu baadaye mvua ikanyesha. Vipande vilivyookotwa kabla ya mvua vinahesabiwa kuwa kundi la pekee, ingawa vyote vilianguka kwa pamoja, dakika ile ile.

Halafu kuna suala la hesabu ya haki, na hili mimi naliona zuri kuliko yote kwa sababu halihitaji mashine yoyote. Ukiingia makumbusho ya zamani utadhani mawe ya vimondo mengi ni ya chuma. Bonge la chuma hudumu ardhini muda mrefu na humshtua anayelikuta, ilhali jiwe la kawaida husagika au kupotea kati ya mawe mengine. Ukihesabu yale yaliyoshuhudiwa tu, picha inageuka: ya chuma ni kama 5 tu kati ya 100. Kinachoanguka kutoka juu, kwa sehemu kubwa, ni mawe.

Walioona hawakuaminiwa

Kwa karne nyingi tatizo halikuwa uhaba wa mashahidi. Tatizo lilikuwa nani anasikilizwa.

Tarehe 7 Novemba 1492 jiwe la kilo 127 hivi lilianguka shambani nje ya mji wa Ensisheim, katika Alsace (leo ni Ufaransa), na mvulana mmoja aliliona. Watu wakamiminika na kuanza kulimegua, kila mtu achukue chake cha baraka, hadi wenye mamlaka walipowazuia. Mfalme Maximilian, alipopita wiki chache baadaye, akaagiza litunzwe kanisani. Leo limebaki na kilo 54 hivi. Kilo nyingine zimesambaa kwenye makumbusho na mikusanyo ya watu. Huko Nogata, Japani, lipo jiwe la gramu 472 linalohifadhiwa hekaluni. Linahusishwa na tukio la mwaka 861, na ndilo kongwe kuliko yote yaliyoshuhudiwa ambayo kipande chake bado kipo.

Wasomi wa karne ya 18 hawakushawishika. Jiwe lililoanguka Lucé, Ufaransa, mwaka 1768, lilipelekwa kwa wanakemia, akiwemo Lavoisier, na jibu lao likawa kwamba ni jiwe la kawaida la ardhini lililopigwa na radi. Mwaka 1790, mawe yalipoanguka eneo la Barbotan, huko huko Ufaransa, mamia ya wakazi pamoja na meya wao walitia saini hati ya ushahidi, na bado walidhihakiwa kwa maandishi na mtu aliyesoma. Nikisoma habari hizi huwa nawaonea uchungu wale wakulima. Walikuwa na jiwe mkononi.

Mambo yalianza kugeuka mwaka 1794, mwanafizikia Mjerumani Ernst Chladni alipochapisha kitabu akidai kwamba mawe na mabonge ya chuma huanguka kweli kutoka anga za mbali. Mwaka 1802 Mwingereza Edward Howard akapima mawe yaliyotoka nchi mbalimbali, likiwemo la Wold Cottage lililoanguka Yorkshire mwaka 1795, akakuta chuma chake kina nikeli kwa namna isiyo ya kawaida kwa mawe ya ardhini. Mawe yaliyoanguka mbali mbali, miaka tofauti, yalikuwa ndugu.

Tarehe 26 Aprili 1803, mawe kama 3,000 yalimwagika karibu na L'Aigle, Normandy, mchana kweupe. Serikali ya Ufaransa ikamtuma mwanasayansi kijana Jean-Baptiste Biot kwenda kuchunguza. Alichofanya kingefaa kufundishwa hata leo. Alizunguka kijiji baada ya kijiji, akahoji watu wa kila hali wasiojuana, akalinganisha maneno yao. Aliangalia kama viwanda vya chuma vya eneo hilo vilitoa mabaki yanayofanana na mawe yale, akakuta havitoi. Kisha akachora mahali mawe yalipoangukia, na umbo likatokea kuwa la yai refu. Baada ya taarifa yake, ubishi ulikosa pa kusimama.

Umbo la yai

Hilo yai si bahati nasibu. Chota kiganjani mchanga uliochanganyika na kokoto, urushe mbele kwa nguvu. Mchanga unaanguka karibu na miguu yako, kokoto zinakwenda mbali. Mwamba unapopasuka angani, vipande vidogo huzuiwa na hewa mapema na vikubwa huendelea mbele, kwa hiyo eneo la mtawanyiko huwa refu, lenye vidogo upande mmoja na vikubwa upande wa pili. Anayejua hivyo, akiokota vipande vitatu na kuvipima, anaweza kukisia aelekee wapi kutafuta kikubwa.

Mbale, Uganda, tarehe 14 Agosti 1992, ilionyesha jambo hili vizuri kuliko sehemu nyingi. Mamia ya mawe yalianguka kwenye eneo lenye watu, na watafiti wa Chuo Kikuu cha Makerere wakishirikiana na Waholanzi waliyapima na kuyaweka kwenye ramani. Kubwa kuliko yote lilikuwa la kilo 27 hivi. Dogo mojawapo, la gramu 3.6, lilipitia kwenye majani ya mgomba kwanza kisha likamgonga mvulana kichwani, bila kumdhuru. Bila wenyeji walioonyesha kila shimo na kila bati lililotobolewa, ramani ile isingechorwa.

Sudan ilikwenda hatua nyingine. Tarehe 6 Oktoba 2008 darubini iliona mwamba mdogo ukija, ukapewa jina 2008 TC3, na kesho yake ukalipuka juu ya Jangwa la Nubia. Ilikuwa mara ya kwanza mwamba kuonekana angani kabla haujagonga Dunia. Muawia Shaddad wa Chuo Kikuu cha Khartoum na mwanaastronomia Peter Jenniskens waliongoza wanafunzi na wafanyakazi kadhaa kutembea jangwani kwa mstari, bega kwa bega, na mamia ya vipande yakapatikana. Mawe hayo yaliitwa Almahata Sitta, yaani Kituo cha Sita, kwa jina la kituo cha reli kilicho karibu. Ndivyo majina yanavyotolewa: jiwe huitwa kwa mahali lilipoangukia. Aliyeliokota halipi jina lake, na aliyelinunua vivyo hivyo.

Yanayosemwa na yasiyo kweli

"Lilifika likiwaka moto." Hapana. Mwali huzimika jiwe likiwa bado juu sana, mara nyingi kilomita 20 au 30 kutoka ardhini. Kutoka hapo linaanguka gizani kwa dakika chache kupitia hewa baridi, kwa mwendo wa jiwe lolote lililoachiwa kutoka juu. Joto liliunguza ngozi tu, gamba jeusi lenye unene wa milimita moja hivi. Ndani bado kuna ubaridi wa angani. Ni kama nyama iliyoganda ikitumbukizwa kwenye mafuta ya moto kwa sekunde chache: nje imebabuka, ndani barafu. Mawe mengi ya kawaida hayachomi nyasi, na hayachimbi shimo kubwa.

"Limeangukia nyuma ya kile kilima pale." Karibu kila shahidi husema hivi, na husema kwa moyo mweupe. Mwali huonekana kutoka mamia ya kilomita, na macho hayana kipimo cha umbali angani. Anachoweza shahidi kutoa kwa uhakika ni mahali aliposimama, upande alioangalia, na kama alisikia mshindo, baada ya sekunde ngapi. Tangu Příbram, Chekoslovakia, mwaka 1959, kamera zilizo sehemu tofauti zimeweza kupiga mwali mmoja kutoka pande mbili na kurudisha njia yake hadi kwenye ukanda wa asteroidi. Leo hata kamera za ulinzi za milangoni husaidia.

"Lina mionzi ya hatari." Zile atomu za ndoo iliyotoboka ni chache mno. Ndiyo maana zinahitaji maabara ya chini ya ardhi ili zionekane.

"Sumaku ikishika, ndilo." Mabaki ya tanuri la chuma hushika sumaku pia, na baadhi ya mawe ya ardhini vilevile. Na jiwe lenye matundu mengi kama sponji karibu daima ni mabaki ya tanuri au mawe ya volkano. Zaidi ya hapo, sumaku ina madhara. Baadhi ya mawe haya yamebeba kumbukumbu ya nguvu za sumaku zilizokuwepo mfumo wetu wa Jua ulipokuwa mchanga, na sumaku ya mkononi huifuta kwa mguso mmoja. Hakuna mtambo wa kuirudisha.

Na hadithi ya mbwa wa Nakhla. Tarehe 28 Juni 1911 mawe 40 hivi yalianguka eneo la Nakhla, Misri, na mtu mmoja akasema kipande kimoja kilimuua mbwa. Habari hiyo imekaririwa zaidi ya karne moja. Haikuthibitishwa kamwe. Mawe yenyewe yana habari kubwa kuliko ya mbwa: yalikaa makumbusho miongo kadhaa yakijulikana kuwa ya ajabu bila mtu kueleza kwa nini. Katika miaka ya 1980 ndipo gesi iliyonaswa ndani ya jiwe jingine, lililookotwa Antaktika, ilipolingana na hewa ya Mirihi iliyopimwa na vyombo vya Viking vilivyotua huko mwaka 1976. Nakhla, pamoja na jiwe la Zagami lililoanguka Nigeria mwaka 1962, yakatambuliwa kuwa vipande vya sayari hiyo. Waliohifadhi gramu zile mwaka 1911 hawakujua wanahifadhi nini.

Kipande na karatasi yake

Kwa hiyo vipande vya zamani vinaendelea kutafutwa, kubadilishwa na kukatwa vijisahani vyembamba vya milimita 0.03, vinavyopitisha mwanga chini ya hadubini. Lakini kipande bila karatasi yake kimerudi kuwa yule mgeni wa barazani. Vibandiko vya zamani, namba zilizoandikwa kwa wino juu ya gamba, barua za makumbusho yaliyobadilishana vipande, hivyo ndivyo vinavyokifunga kipande na siku yake. Mkusanyaji anayesugua namba ya zamani ili jiwe lipendeze amelifanyia jambo baya kuliko aliyelivunja.

Hata karatasi nzuri haitoshi peke yake. Mawe ya Orgueil yalianguka Ufaransa tarehe 14 Mei 1864, nayo ni miongoni mwa mawe adimu kabisa, meusi, yenye kaboni na maji ndani ya madini yake. Kipande kimoja kilikaa kwenye chupa iliyozibwa kwa karibu miaka mia. Kilipochunguzwa miaka ya 1960, kilikutwa na mbegu za mmea ndani yake. Hazikuwa mbegu za angani. Zilikuwa za ardhini, zimepachikwa kwa gundi pamoja na vipande vya makaa ya mawe, na mtu fulani wa karne ya 19 aliyejaribu kuwadanganya wenzake. Mtego wake ulichelewa kuteguka kwa karne nzima.

Kuhusu nani mwenye jiwe, sheria hazifanani. Nchini Marekani mahakama kuu ya Iowa iliamua mwaka 1892 kwamba jiwe ni la mwenye ardhi, si la aliyeliona kwanza. Denmark, mawe kama hayo ni ya taifa. Anayeokota aulize kwanza sheria ya mahali alipo. Jina rasmi hutolewa na kamati ya Meteoritical Society, chama cha kimataifa cha watafiti wa vimondo, na sharti mojawapo ni kwamba kipande, kwa kawaida gramu 20 au asilimia 20 ya jiwe lote, kile kilicho kidogo zaidi, kikabidhiwe taasisi itakayokitunza kwa ajili ya utafiti.

Na aliyeliona likianguka afanye nini? Alipige picha lilipo kabla ya kuligusa, aandike saa na mahali, aliinue kwa karatasi safi ya foili bila kutumia vidole vitupu, asilioshe, asilivunje kuangalia ndani. Jiwe la Tagish Lake, lililoanguka Kanada mwezi Januari 2000 juu ya ziwa lililoganda, vipande vyake vya kwanza viliokotwa bila kuguswa kwa mkono na vikawekwa kwenye baridi tangu siku vilipookotwa. La Murchison, Australia, lililoanguka tarehe 28 Septemba 1969, limetoa makumi ya asidi amino, malighafi ya protini, na mwaka 2020 uliripotiwa umri wa baadhi ya chembe zake zilizotokea kabla ya Jua letu kuwepo. Nusu karne nzima lilikuwa rafuni, likisubiri vyombo viboreke.

Turudi Ivuna. Muundo wa kemikali wa jiwe lile, ukiacha gesi nyepesi, unakaribiana mno na ule wa Jua lenyewe, kiasi kwamba kundi zima la mawe ya aina hiyo limepewa jina lake. Mwezi Desemba 2020 chombo cha Japani, Hayabusa2, kilirudisha gramu 5.4 za vumbi na kokoto kutoka asteroidi Ryugu, baada ya safari ya miaka sita. Wanasayansi walipofungua na kupima, walihitaji kitu cha kulinganisha nacho. Waliweka vumbi la Ryugu kando ya vipande vya jiwe lililoanguka karibu na Ziwa Rukwa mwaka 1938, na vikafanana.